Mageuzi ya Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji: Yanayoamuliwa Vienna na Yanayobaki Mikononi mwa Tanzania

Katika kipindi cha kuanzia Oktoba 2023 hadi Novemba 2024, Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilimaliza kwa makubaliano mashauri matatu yaliyofunguliwa dhidi yake na wawekezaji wa kigeni katika sekta ya madini. Kampuni ya Winshear Gold ya Canada ilikubali kulipwa Dola za Marekani milioni 30, kampuni ya Indiana Resources na washirika wake dola milioni 90, na kampuni ya Montero Mining, nayo ya Canada, dola milioni 27. Jumla ya fedha hizo ni dola milioni 147. Mashauri yote matatu yalitokana na hatua moja ya kiutawala, yaani kufutwa kwa leseni hodhi za madini mwaka 2018.

Katika miaka hiyo hiyo, wajumbe wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakikutana kwa zamu katika miji ya Vienna na New York kujadili namna ya kuurekebisha mfumo uliotumika kufungua mashauri ya aina hiyo. Majadiliano hayo yanaendeshwa na Kikundi Kazi cha Tatu cha Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, inayofahamika kwa kifupi kama UNCITRAL, ambacho kilikabidhiwa jukumu hilo mwaka 2017. Baadhi ya matunda yake yamekwisha kupatikana. Swali linalomhusu mwananchi ni kama mageuzi hayo, yatakapokamilika, yangeweza kuiepusha nchi na malipo ya dola milioni 147. Jibu la swali hilo si jepesi, na sehemu yake kubwa haipo Vienna.

Ili kulielewa suala hili, ni vyema kuanza na msingi wake. Mwekezaji wa kigeni anapoona kuwa Serikali ya nchi aliyowekeza imevunja haki zake, njia ya kwanza ni mahakama za nchi hiyo. Hata hivyo, tangu miaka ya 1960 nchi nyingi zimesaini mikataba ya nchi mbili ya kukuza na kulinda uwekezaji, ambayo humpa mwekezaji haki ya kuishtaki Serikali moja kwa moja mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa. Chombo kinachosimamia mashauri mengi zaidi ya aina hiyo ni Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, ICSID, kilicho chini ya Kundi la Benki ya Dunia jijini Washington. Mkataba uliokianzisha ulisainiwa mwaka 1965 na kuanza kutumika mwaka 1966. Tanzania ilijiunga mwaka 1992, wakati nchi ilipokuwa ikifungua milango ya uchumi wake kwa mitaji ya nje.

Mfumo huo ulikuwa na mantiki yake. Mwekezaji aliyetakiwa kupeleka mtaji mkubwa katika nchi ngeni alitaka uhakika kwamba, mambo yakiharibika, mwamuzi hatakuwa mtumishi wa upande mmoja. Nchi inayohitaji mtaji nayo ilikuwa tayari kutoa uhakika huo. Yaliyojitokeza baadaye ndiyo yaliyozua malalamiko. Kufikia mwisho wa mwaka 2023, mashauri yanayofahamika duniani chini ya mikataba ya uwekezaji yalikuwa yamezidi 1,300. Gharama za mawakili na uendeshaji zilikuwa kubwa kiasi kwamba uchambuzi wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa pande zote mbili kwa pamoja zilitumia kwa wastani zaidi ya dola milioni 8 kwa shauri moja. Kwa nchi kubwa fedha hizo ni kidogo. Kwa wizara ya nchi inayoendelea, hiyo ni bajeti ya miradi kadhaa ya maji.

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni kutokuwapo kwa rufaa. Chini ya ICSID, upande ulioshindwa hauwezi kudai kuwa wasuluhishi wamekosea katika kutafsiri sheria au ushahidi. Unachoweza kuomba ni tuzo kubatilishwa kwa sababu tano tu zilizotajwa katika mkataba, kama vile baraza kutoundwa ipasavyo, msuluhishi kupokea rushwa, au baraza kuvuka wazi mipaka ya mamlaka yake. Kosa la kawaida la uamuzi, hata likiwa la mamilioni ya dola, halimo. Kwa mkataba huo huo, kila nchi mwanachama inatakiwa kuitambua tuzo kana kwamba ni hukumu ya mwisho ya mahakama yake yenyewe.

Watanzania waliiona sura ya utekelezaji wa namna hii Agosti 2019, pale ndege ya Serikali aina ya Airbus A220-300 inayoendeshwa na Shirika la Ndege Tanzania ilipozuiwa mjini Johannesburg kwa amri ya mahakama, kabla ya kuachiwa mwanzoni mwa Septemba. Mgogoro ule haukuwa wa ICSID, na hakuna sababu ya kuuchanganya na mashauri yanayozungumzwa hapa. Ulitosha, hata hivyo, kumwonyesha kila abiria aliyeahirishiwa safari kwamba deni la Serikali linaweza kudaiwa mbali na mipaka ya nchi.

Funzo la City Water

Shauri linalostahili kusomwa kwa makini kuliko mengine yote katika historia ya Tanzania mbele ya ICSID si lile lililoigharimu nchi fedha nyingi zaidi. Ni lile ambalo nchi ilionekana kukosea, lakini haikulipa fidia hata senti moja.

Mwaka 2003, kampuni ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa huduma za maji na majitaka jijini Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10 na Mamlaka ya Majisafi na Majitaka Dar es Salaam, DAWASA. Mwanahisa wake mkuu alikuwa kampuni ya Biwater Gauff, yenye asili ya Uingereza na Ujerumani. Mradi huo uliungwa mkono na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na matarajio yalikuwa makubwa. Kampuni haikufikia malengo ya makusanyo, ikashindwa kulipa kikamilifu ada ya kukodi miundombinu, na huduma haikuboreka kama wakazi wa jiji walivyoahidiwa. Majadiliano ya kuurekebisha mkataba yalivunjika. Mwezi Mei 2005, DAWASA ilitoa notisi ya kuusitisha mkataba, jambo ambalo mkataba wenyewe uliruhusu.

Hadi hapo, Serikali ilikuwa na hoja imara. Lakini tarehe 13 Mei 2005 Waziri mwenye dhamana alitangaza hadharani kuwa mkataba umekwisha. Msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani uliokuwa ukifurahiwa na kampuni ukaondolewa. Tarehe 1 Juni, maofisa wa Serikali wakaingia katika ofisi za kampuni, uongozi mpya ukawekwa, na mameneja wa kigeni wakaondolewa nchini. Haya yote yalifanyika wakati muda wa notisi ulikuwa bado haujamalizika.

Kampuni ya Biwater Gauff ilifungua shauri chini ya mkataba wa uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994, ikidai takribani dola milioni 20. Tuzo ilitolewa tarehe 24 Julai 2008. Baraza lilisema kuwa Tanzania ilikiuka mkataba huo, kwa kuwa hapakuwa na dharura ya umma iliyolazimisha Serikali kuingilia kati kwa namna ile ilhali taratibu za kawaida za kusitisha mkataba zilikuwa zikiendelea. Papo hapo, baraza likaona kuwa ukiukwaji huo haukuisababishia kampuni hasara ya kifedha, kwa sababu kufikia tarehe ile biashara ya City Water haikuwa tena na thamani yoyote. Fidia ikawa sifuri.

Maelezo haya yanastahili kurudiwa kwa maneno mengine, maana mara nyingi tuzo ile huelezwa kama ushindi tu. Hakuna msuluhishi aliyesema kuwa Tanzania haikuwa na haki ya kumwondoa mwendeshaji wa huduma ya maji aliyeshindwa kazi. Kilicholaumiwa ni namna alivyoondolewa. Kama kampuni hiyo ingekuwa inapata faida, hatua zile zile za siku zile zingeweza kugharimu mamilioni ya dola. Kusubiri notisi imalizike kusingegharimu chochote.

Kuna jambo jingine la kihistoria katika shauri hilo. Mwaka 2007 baraza liliruhusu asasi za kiraia kuwasilisha maoni yao kwa maandishi, zikiwamo asasi za Tanzania kama vile Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Timu ya Wanasheria Watetezi wa Mazingira, LEAT, na Mtandao wa Jinsia Tanzania. Asasi hizo ziliwasilisha hoja kuhusu maji kama haki ya watu. Lilikuwa miongoni mwa mashauri ya mwanzo kutumia kanuni mpya za ICSID za mwaka 2006 zilizofungua mlango huo, na hadi leo wasomi wa sheria duniani hulitaja kwa sababu hiyo.

Leseni hodhi

Miaka 10 baada ya tuzo ya City Water, suala la namna lilirudi kwa sura nyingine. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kampuni iliyokuwa imetafiti na kugundua madini, lakini ikashindwa kuanza uchimbaji mara moja kwa sababu ya hali ya soko au vikwazo vya kiufundi, iliweza kupewa leseni hodhi. Leseni hiyo iliiwezesha kulishikilia eneo kwa muda usiozidi miaka mitano, na kuongezewa muda mara moja. Baadhi ya maeneo yenye utajiri mkubwa yalikaa miaka mingi bila kuchimbwa, huku taifa likikosa mapato na ajira. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yalifuta aina hiyo ya leseni. Kanuni zilizotolewa Januari 2018 zikaenda mbele zaidi na kufuta leseni zilizokuwapo, na maeneo hayo yakarejea mikononi mwa Serikali.

Nia ya hatua hiyo ilieleweka na kuungwa mkono na wengi. Rasilimali isiyoendelezwa haimsaidii mwananchi wa Nachingwea wala wa Kisaki. Lakini wenye leseni zilizofutwa hawakuwekewa utaratibu wa fidia, wala kipindi cha mpito cha kuomba leseni ya uchimbaji kwa masharti mapya. Pengo hilo ndilo lililobebwa hadi Washington. Winshear na Montero zilitumia mkataba wa Canada na Tanzania, ulioanza kutumika Desemba 2013. Mradi wa nikeli wa Ntaka mkoani Lindi ulipita njia yenye kona zaidi. Kampuni ya Indiana Resources imeorodheshwa katika soko la hisa la Australia, lakini shauri lilifunguliwa kupitia kampuni zilizosajiliwa Uingereza, na hivyo mkataba uliotumika ukawa ule ule wa 1994 uliotumiwa na Biwater Gauff.

Julai 2023 baraza liliamua kuwa kufutwa kwa leseni ya Ntaka kulikuwa sawa na kutwaa mali kinyume cha mkataba, na likaamuru malipo ambayo, pamoja na riba na gharama, yalizidi dola milioni 109. Tanzania iliomba tuzo hiyo ibatilishwe. Riba ikawa inaendelea kuongezeka. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2024, pande mbili zilikubaliana dola milioni 90 zilipwe kwa awamu tatu, na ombi la kubatilisha likaondolewa. Kwa hesabu ya kawaida, makubaliano hayo yaliokoa fedha. Kwa hesabu pana zaidi, kiasi kilicholipwa kingeweza kuwa kidogo sana kama mazungumzo hayo yangefanyika mwaka 2018, mezani, kabla shauri halijafunguliwa.

Yapo mashauri mengine ambayo nchi imelazimika kuyalipia kwa gharama kubwa, likiwamo la Benki ya Standard Chartered ya Hong Kong dhidi ya TANESCO, ambalo tuzo yake ya Septemba 2016 ilikuwa ya dola milioni 148.4, kutokana na mkataba wa umeme wa IPTL wa mwaka 1995. Hilo ni la aina tofauti, kwa kuwa chanzo chake ni mkataba wa kibiashara uliokuwa na utata tangu siku ya kwanza, na halihitaji kurudiwa hapa kwa kirefu.

Kinachobadilishwa na mageuzi

Kikundi Kazi cha Tatu kilipoanza, kiliorodhesha malalamiko ya nchi: tuzo zinazokinzana kwa maswali yanayofanana, wasuluhishi ambao leo wanaamua shauri na kesho wanatetea mteja katika shauri jingine lenye hoja ile ile, gharama, muda, na wafadhili wa mashauri wanaomlipia mdai gharama ili wagawane naye kitakachopatikana. Mwaka 2023 UNCITRAL ilipitisha masharti ya mfano na mwongozo wa upatanishi katika migogoro ya uwekezaji, pamoja na kanuni za maadili kwa wasuluhishi. Kanuni hizo zinamzuia msuluhishi, isipokuwa pande zote zikikubali, kuwa wakili au shahidi mtaalamu katika shauri jingine linalohusu hatua zile zile au pande zile zile, akiwa bado anaketi kama mwamuzi na hata kwa miaka mitatu baada ya hapo. ICSID kwa upande wake ilifanyia marekebisho kanuni zake, na tangu Julai 2022 mdai anatakiwa kumtaja mfadhili wa shauri lake.

Hatua ambayo Tanzania inapaswa kuitazama kwa karibu zaidi ilifikiwa Julai 2024, pale UNCITRAL ilipopitisha kimsingi hati ya kuanzisha Kituo cha Ushauri kuhusu Migogoro ya Uwekezaji ya Kimataifa. Kituo hicho kinafuata mfano wa kile cha Geneva kinachozisaidia nchi zinazoendelea katika migogoro ya Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 2001. Kazi zake zitakuwa mbili, yaani kuzijengea nchi uwezo wa kuzuia migogoro, na kuzipa ushauri na msaada wa kisheria pale shauri linapofunguliwa. Nchi zenye maendeleo duni zitapewa kipaumbele. Hapa pana jambo la kuzingatia. Tanzania iliingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini kwa vipimo vya Benki ya Dunia mwaka 2020, lakini katika orodha ya Umoja wa Mataifa bado imo katika nchi zenye maendeleo duni, na kwa hiyo nafasi hiyo ya upendeleo inaihusu.

Pendekezo kubwa zaidi, linaloungwa mkono hasa na Umoja wa Ulaya, ni kuanzishwa kwa mahakama ya kudumu ya uwekezaji yenye majaji wa kuajiriwa, pamoja na ngazi ya rufaa. Majadiliano yake yanakwenda polepole. Marekani, kwa mfano, haijaonyesha shauku na wazo la mahakama ya kudumu, na nchi nyingi za Afrika zinajiuliza ni nani atawateua majaji hao na ni nani atawalipa. Ngazi ya rufaa pekee ingeweza kupunguza tuzo zinazokinzana. Ingeongeza pia miezi, na pengine miaka, ya riba.

Pamoja na hayo yote, mageuzi haya yana mpaka mmoja ambao haujazungumzwa vya kutosha. Jukumu la kikundi kazi ni utaratibu wa kuamua migogoro. Maudhui ya mikataba yenyewe hayamo. Ahadi ya kumtendea mwekezaji kwa haki na usawa, au ya kutotwaa mali yake bila fidia, itasomwa na jaji wa kudumu jinsi ilivyoandikwa mwaka 1994, kama ilivyosomwa na msuluhishi wa muda. Afrika Kusini ililisema hili wazi katika andiko lake kwa kikundi kazi mwaka 2019, ikitaka mageuzi yaguse pia kile ambacho mikataba inaahidi. Hoja hiyo ina uzito. Katika shauri la Ntaka, hakuna kanuni ya maadili ambayo ingebadilisha ukweli kwamba leseni ilifutwa na fidia haikulipwa.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa Tanzania wa kuipitia upya mikataba yake una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, ambayo inaelekeza migogoro ya rasilimali iamuliwe na vyombo vilivyoanzishwa nchini kwa sheria za Tanzania. Ni msimamo halali wa taifa huru, na unailinda nchi katika mikataba mipya ya kibiashara. Hata hivyo, sheria ya ndani haiwezi kufuta ridhaa iliyokwisha kutolewa katika mkataba wa kimataifa ambao bado unatumika, kwa kuwa kanuni ya sheria za kimataifa ni kwamba nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama kinga ya kutotimiza ahadi yake ya nje. Ndiyo maana mashauri matatu ya leseni hodhi yalifunguliwa Washington baada ya sheria hiyo kuanza kutumika, wala si kabla.

Njia ya katikati imekuwa ikijengwa hatua kwa hatua. Sheria mpya ya Usuluhishi ya mwaka 2020 ilianza kutumika Januari 2021, ikiwa na lengo la kuifanya Tanzania iwe mahali ambapo mwekezaji mwenyewe ataridhika kusikilizwa. Marekebisho ya mwaka 2023 katika sheria ya ubia baina ya sekta ya umma na sekta binafsi yalirejesha nafasi ya usuluhishi wa kimataifa, iliyokuwa imeondolewa mwaka 2018. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa mwaka 2018, sasa ndiyo inayoiwakilisha nchi katika mashauri haya. Na makubaliano na kampuni ya Barrick, yaliyosainiwa Januari 2020, yalionyesha njia tofauti kabisa: shauri lililokuwa limefunguliwa London likaachwa, Serikali ikalipwa dola milioni 300, na ikapata hisa asilimia 16 katika migodi kupitia kampuni ya Twiga Minerals.

Jirani zetu wa Kenya wanatoa mfano mwingine. Kampuni ya Cortec ilipoidai Serikali ya Kenya takribani dola bilioni 2 kwa kufutiwa leseni ya uchimbaji katika Mlima Mrima, kaunti ya Kwale, Kenya haikusubiri mageuzi ya Vienna. Ilionyesha kwa kumbukumbu zake yenyewe kuwa leseni ilitolewa bila tathmini ya athari kwa mazingira iliyotakiwa na sheria. Oktoba 2018 baraza la ICSID lilitupilia mbali dai hilo, kwa maelezo kuwa leseni iliyotolewa kinyume cha sheria haikuwa uwekezaji unaolindwa. Mfumo ulikuwa ule ule unaolalamikiwa. Kilichotofautisha matokeo ni faili lililotunzwa, na sheria ya mazingira iliyokuwa wazi kabla ya mgogoro kuzuka.

Mambo ya kufuatilia katika matangazo yajayo ya Serikali ni machache na yanaonekana. La kwanza ni kama Tanzania itasaini na kuridhia hati ya Kituo cha Ushauri, na lini. La pili ni kama mkataba wa 1994 na Uingereza, uliotumiwa katika shauri la maji na katika shauri la nikeli, utajadiliwa upya ili ueleze wazi mipaka ya mamlaka ya Serikali kusimamia afya, mazingira na rasilimali. La tatu ni la ndani kabisa, nalo ni kama kila kanuni mpya inayogusa leseni au vibali vilivyokwisha kutolewa itapita kwanza kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ikiwa na kipindi cha mpito na jedwali la fidia.

Kuhusu la pili, uzoefu wa mkataba wa Uholanzi unaonyesha kwa nini haraka inahitajika. Tanzania ilitoa notisi ya kuuvunja mwaka 2018, na mkataba ukakoma tarehe 1 Aprili 2019. Lakini kwa kifungu chake chenyewe, wawekezaji wa Kiholanzi waliokuwa wamewekeza kabla ya tarehe hiyo wanaendelea kulindwa kwa miaka 15 zaidi, hadi Aprili 2034.